Majina Kumi, Kalamu Moja

Wadau, leo naomba tuongee kuhusu makundi. Siyo makundi ya siasa, hayo yana wenyewe. Nazungumzia makundi ya kusomea chuo kikuu.

Aliyepita chuo chochote hapa Tanzania anajua kwamba makundi haya yako ya aina mbili. Kuna kundi la asaimenti, ambalo mhadhiri anakupangia, halafu kuna diskasheni, ambayo mnaipanga wenyewe mtihani ukikaribia. La kwanza lina maksi. La pili halina hata nusu maksi, hakuna karatasi ya kusaini, hakuna anayekuuliza jana ulikuwa wapi. Lakini muulize mtu aliyemaliza chuo, ile kozi iliyokutoa jasho uliielewa wapi? Mara nyingi atakutajia diskasheni: kwenye vimbweta, chumba cha fulani, usiku wa saa tano. Sijawahi kukutana na mtu akaniambia aliielewa kwenye asaimenti ya kundi. Nimefika mahali naamini kwamba lile kundi lenye maksi, kwa jinsi linavyoendeshwa sasa, linaharibu watu, na lile lisilo na maksi ndilo linalofanya kazi ya chuo.

Hebu tuanze na lile la maksi. Mhadhiri anatoa swali Jumatatu. CR anapandisha orodha WhatsApp, watu kumi kumi kwa kufuata namba za usajili. Linafunguliwa kundi dogo, "Kundi Namba 7". Siku mbili za kwanza ni salamu na vikatuni. Siku ya tatu mtu mmoja anauliza, "Jamani tunakutana lini?" Watano wanasoma na kukaa kimya, wawili wanajibu "mimi muda wowote niko fresh", mmoja yuko Morogoro kwenye send-off ya dada yake. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, mtu mmoja au wawili wanakaa na laptop na kuandika kurasa kumi na mbili. Hapo ndipo kundi zima linapofufuka: "Msisahau jina langu, lina H mwishoni." Kuna na yule anayechangia hela ya kuprinti peke yake, shilingi elfu moja na mia tano, halafu anatembea kifua mbele kama mwekezaji.

Ikija siku ya prezentesheni kila mtu anapewa slaidi moja ya kusoma. Aliyeandika anabaki pembeni kujibu maswali. Maksi zinatoka, 8 kati ya 10, kwa wote kumi.

Sitaki kuwaonea wahadhiri, maana hesabu yao inaeleweka. Chukua darasa la watu 400. Kila mmoja akiandika insha yake, na kila insha ikisomwa kwa dakika kumi, hizo ni dakika 4,000, yaani saa 66 na ushee za kusahihisha zoezi moja la kozi moja. Wagawe watu kumi kumi, zinabaki kazi 40 na saa zisizofika saba. Nani asingegawa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kikitumia jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Watu 14 unawajua kwa majina na unajua nani hajasoma. Leo kuna kumbi za mihadhara ambazo aliyekaa nyuma mhadhiri hamwoni sura. Kwa hiyo kundi la asaimenti tumelipa jina zuri la "kujifunza kwa kushirikiana", lakini kazi yake halisi ni kupunguza mzigo wa karatasi mezani kwa mtu mmoja.

Tatizo ni kwamba nchi hii ilishalifanya jaribio hilo kwa ukubwa wa ajabu. Katika vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970, vijiji vingi vilikuwa na shamba la kijiji, na kila kaya ikabaki na shamba lake. Waliokuwepo wanasimulia: shamba la nyumbani watu waliamka nalo alfajiri, la kijiji walifika jua limeshapanda, na palizi ikachelewa hadi magugu yakapata urefu wa mahindi. Ni watu walewale, majembe yaleyale. Tofauti ni kwamba kwenye shamba la kijiji mtu hakuona jasho lake limeishia wapi, na hakuna aliyeona kwamba hakulitoa.

Kuna Mfaransa mmoja, Maximilien Ringelmann, mhandisi wa mambo ya kilimo, aliyelipima jambo hili kwa kamba. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilikuwa ni kutovuta kwa pamoja, lakini wanasaikolojia wa Marekani waliolirudia jambo hilo miaka ya 1970 na 1980, safari hii kwa kupiga makofi na kelele, waligundua kwamba watu wanalegea kweli. Wakagundua na kitu cha pili, ambacho kwangu ndicho kikubwa: mtu akijua kwamba sauti yake inapimwa peke yake, hata akiwa katikati ya kundi, ulegevu ule unaisha.

Mama zetu wa hapa Ilembo hawakumhitaji Mfaransa. Nasema "hapa" kwa sababu haya nayaandika nikiwa nyumbani, Mpanda, likizo ya kazi ya wiki mbili, na kila wiki kuna VICOBA inakaa jirani na kwetu. Hawazidi 30. Wamegawanywa watano watano, na wale watano wanadhaminiana kwenye mkopo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mbele ya wote inasomwa: fulani hisa tatu, fulani hisa moja, fulani hajaleta, faini. Mwisho wa mzunguko wanagawana, lakini wanagawana kwa hisa. Sasa fikiria mtu aibuke siku ya kugawana aseme, "Msisahau jina langu, lina H mwishoni." Wangemcheka hadi Makanyagio. Hawa wengi wao hawakufika sekondari, na kundi lao limepangwa kwa akili kuliko kundi letu la shahada ya kwanza.

Lakini kusema kweli, mtegeaji siye anayenikosesha usingizi. Mtegeaji anajua anachofanya. Anayenisumbua ni mwingine, yule ambaye alitaka kuandika na akanyang'anywa kalamu.

Nina jirani hapa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, anasoma mambo ya biashara kwenye chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kwao yeye ndiye wa kwanza kuvuka kidato cha nne. Mwaka wa kwanza alipangiwa kundi na watoto waliotoka shule za maana, wanaoongea Kiingereza kama wamezaliwa nacho. Akaandika sehemu yake, ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono kwanza maana laptop hana, halafu akaichapa kwenye simu na kuituma. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Kiongozi wa kundi akamjibu kwa upole kabisa: "Bro usijali, hii tutaimalizia sisi. Jina lako lipo." Asaimenti ya pili hakuombwa kuandika. Ya tatu hakujitolea. Kozi weki yake ikasimama 29 kati ya 40, nzuri tu, imejaa maksi za kurasa ambazo hakuziandika. Ikaja UE yenye maksi 60, ambako hakuna wa kukuandikia jina. Akatoka na sapu mbili.

Hapo tumlaumu nani? Yule kiongozi wa kundi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa analinda A yake. Ukishasema maksi ni moja kwa wote, mwanafunzi dhaifu anageuka kuwa hatari kwa wenzake, na njia ya haraka ya kuiondoa hatari hiyo ni kumnyang'anya kalamu na kumwachia jina. Kila mtu anaondoka amefurahi. Mhadhiri ana kazi 40 badala ya 400, jembe ana A yake, dhaifu ana 8 kati ya 10. Bili inakuja Julai, na inakuja kwa mtu mmoja tu.

Na kwa mtu wa kutoka huku kwetu bili hiyo ni nzito. Unaondoka Mpanda kwa treni hadi Kaliua na Tabora, au kwa basi, unafika chuo ukiwa na Kiingereza cha sekondari ambayo mwalimu alikuwa anaeleza nusu Kiswahili ili muelewe. Nyumbani hakuna wa kumpigia simu kumuuliza ripoti ya semina inaandikwaje. Ule ukurasa mmoja na nusu, pamoja na makosa yake, ndio ulikuwa darasa lake. Angekosolewa mara tano, mwaka wa pili angekuwa anaandika. Halafu kuna suala la hela. Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha tangu mwaka 2005, na bumu ni deni. Ukidisko, deni lenyewe halidisko. Unarudi Ilembo huna cheti ila unadaiwa, na mtaani wanasema chuo kimemshinda.

Sasa niwaeleze nilichokiona wiki hii, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Jirani yangu yuko nyumbani anajiandaa na sapu. Jioni wanakaa wanne barazani kwao, wanatoka vyuo vitatu tofauti. Wawili wana sapu ya takwimu, mmoja hana sapu ila anaogopa kozi hiyohiyo mwaka ujao, na wa nne ni dada wa mwaka wa tatu aliyeifaulu vizuri. Ubao wao ni mlango wa bati wa stoo na chaki. Nilidhani yule dada atawafundisha. Wapi! Alikaa chini, akamkabidhi jirani yangu chaki, akamwambia, "Nifundishe mimi."

Jamaa akaanza kueleza jinsi ya kutafuta utawanyiko wa namba kwenye sampuli. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha, gawanya kwa idadi toa moja. Dada akauliza, "Kwa nini toa moja?" Akajibu, "Ndiyo fomula." "Nimeuliza kwa nini." Kimya. Wale wengine nao kimya. Walihangaika na hicho kitu karibu saa nzima, wakachora sampuli za uongo na kweli kwa bei za migebuka ya sokoni, mpaka likawaka: wastani wenyewe umetolewa kwenye sampuli hiyohiyo, kwa hiyo namba za sampuli huonekana ziko karibu na wastani kuliko zilivyo kweli kwenye jamii yote, na ukigawanya kwa namba ndogo kidogo unarekebisha huo upungufu. Mimi nimekaa mihula miwili kwenye takwimu na sikuwahi kusikia ikielezwa hivyo. Na aliyeieleza mwishoni, kwa Kiswahili halafu akairudia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, alikuwa yuleyule wa "jina lako lipo".

Kinachotokea barazani pale kina ushahidi wake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Baadhi walisoma habari fulani na kuirudia kuisoma. Wengine waliisoma mara moja, halafu wakafunika karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Sasa fikiria mwenzetu anayekesha na madesa, anapiga msuli, anapaka rangi ya njano kila mstari hadi ukurasa unafanana na embe bivu. Dakika tano baadaye anajiona yuko sawa, na hilo ndilo linalomponza. Diskasheni nzuri inakunyang'anya hayo madesa na kukuuliza kwa nini toa moja.

Kuna na mwingine, Uri Treisman, mtu wa hesabu pale Berkeley, California. Katikati ya miaka ya 1970 alijiuliza kwa nini wanafunzi weusi waliofika chuoni hapo wakiwa na matokeo mazuri walikuwa wanaanguka kwenye hesabu za mwaka wa kwanza, wakati wenzao wenye asili ya China wanapeta. Watu walikuwa na majibu yao tayari: hawana bidii, msingi mbovu, familia. Treisman akaenda kuishi nao kwa karibu na kuwaangalia wanavyosoma. Weusi walikuwa na bidii sana, lakini walisoma peke yao, kila mtu na chumba chake. Wachina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana, wakakosoana, wakaulizana maswali ya mitihani iliyopita. Alipoanzisha warsha za kukaa pamoja na kupambana na maswali magumu, siyo ya kuwabembeleza bali magumu, matokeo ya waliohudhuria yakapanda sana. Tuangalie hilo neno "kwanza". Walisoma peke yao kwanza.

Kwa sababu diskasheni nayo ina magonjwa yake, tusidanganyane. Mkikutana hakuna aliyesoma, hicho ni kijiwe. Mtaanza na swali la kwanza la pasti pepa na saa mbili baadaye mko kwenye usajili wa Simba na Yanga. Kuna diskasheni ambazo kazi yake ni kutabiri maswali tu, mwaka jana walitoa hili, mwaka huu litatoka lile, halafu mnakariri majibu sita na kuomba Mungu. Kuna yule mwenye sauti kubwa anayeeleza kitu cha uongo kwa kujiamini hadi watu wanane wanakosea swali moja kwa namna ileile (msahihishaji anajua kabisa hawa walikaa meza moja). Na kuna jambo hatulisemi: diskasheni zetu zinaanza saa nne usiku, na dada anayelala hosteli ya nje ya chuo inabidi aondoke saa nne hiyohiyo kama anajali usalama wake. Nyinyi mnaobaki mnasema hana mwamko. Hamisheni diskasheni ije saa kumi jioni muone kama hana mwamko.

Kwa hiyo nasema nini? Sisemi asaimenti za kundi zifutwe, maana saa 66 za mhadhiri nimezihesabu mwenyewe. Nasema zikopwe kanuni za VICOBA. Kwanza kundi liwe la watu wanne au watano, siyo kumi. Kumi ni mkutano wa hadhara. Pili, kazi ikishakusanywa, mhadhiri au msaidizi wake aite mtu mmoja kutoka kila kundi, bila kumtangaza mapema, amuulize swali kuhusu ukurasa wowote. Kwa makundi ya watano, watu 400 ni makundi 80. Dakika tano kwa kila aliyeitwa ni saa saba kasoro. Jumlisha na kusahihisha kazi 80 unapata kama saa 20, bado mbali sana na 66. Na maksi za kundi zima zipande au zishuke kwa jibu la yule aliyeitwa.

Najua mtasema huo ni uonevu. Lakini angalieni unavyogeuza mambo. Kama hujui nani ataitwa, yule dhaifu haachwi tena. Jembe mwenyewe atamfuata chumbani kwake usiku kumuuliza kwa nini toa moja, kwa sababu A yake sasa imekaa kwenye kichwa cha yule wa kuungaunga. Kumfundisha mwenzako kunakuwa njia ya kulinda maksi zako. Kundi la asaimenti linalazimika kugeuka diskasheni.

Na jambo hili lina haraka kuliko zamani. Miaka ile angalau mmoja kati ya kumi alikuwa anaandika. Siku hizi hata huyo mmoja anaiandikia akili mnemba swali, inatema kurasa kumi na mbili za Kiingereza safi, anabadilisha maneno mawili matatu, na majina kumi yanapandishwa juu. Hapo ni majina kumi bila kalamu hata moja, na mhadhiri anasahihisha kazi ya mashine kwa saa zake saba. Huwezi kulizuia hilo kwa kutishia. Unaweza kumwita mtu mmoja tu na kumuuliza maana ya alichokikusanya. Mkoa wetu wa Katavi nao sasa una kampasi ya chuo kikuu, ile ya SUA yenye jina la Mizengo Pinda, bado changa, madarasa yake hayajawa ya watu 400 wasioonana sura. Sijui kama kuna mahali pepesi zaidi pa kuanzia.

Sapu za jirani yangu ni Septemba. Ya takwimu anasema haiogopi tena. Ya pili ni sheria ya mikataba, na pale barazani hakuna aliyeisoma. Kama kuna mdau aliyepitia sheria na yuko Mpanda kipindi hiki, aje tu Ilembo jioni. Chaki zipo.